Mkenya avuta mkia katika milima ya Durban

Ukitaka kujua uzito wa jina la nchi yako, msomaji, vaa kofia yenye bendera ya Kenya kisha uende ugenini kushiriki mbio za masafa marefu.

Mimi niliivaa mjini Durban, Afrika Kusini, mnamo Juni 2024. Nilikuwa kwenye foleni nikisubiri kuchukua nambari yangu ya mbio za Comrades wakati mzee mmoja nyuma yangu aliponigusa bega. Akaitazama kofia, akaitazama miguu yangu, kisha akawageukia wenzake.

"Haya jamani," akasema kwa sauti. "Mshindi wa Jumapili ndiye huyu hapa."

Watu wakacheka. Wawili wakaomba kupigwa picha nami. Mama mmoja akanishika mkono na kunipa pole kwa kifo cha Kelvin Kiptum, kijana wetu aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Chicago Oktoba 2023 na kufariki katika ajali ya barabarani Februari 2024. Alinipa pole kana kwamba Kiptum alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Ningewaambia nini watu hao? Kwamba mimi ni mwandishi wa makala ambaye hupanda matatu hata kwa mwendo wa vituo viwili? Kwamba shuleni mbio zangu zilikuwa za kuwahi foleni ya chakula tu? Nilikaa kimya. Wao walikuwa wanamwona bingwa, nami nilikuwa na hofu moja tu: kwamba jioni ya Jumapili ningefungiwa mlango nikiuona.

Comrades, msomaji, si marathoni ya kawaida. Marathoni ni kilomita 42 na kitu. Hii, mwaka huo, ilikuwa karibu kilomita 86, kutoka Durban kwenye ufuo wa Bahari Hindi hadi Pietermaritzburg bara, na njia nzima ni milima. Unapewa saa kumi na mbili. Ukichelewa hata kwa sekunde moja, hupati nishani, wala jina lako haliandikwi miongoni mwa waliomaliza.

Alienda na mzigo

Usidhani nilikwenda huko kwa kupenda mateso. Nilikwenda kwa sababu ya mtu mmoja ambaye sikumwona, na ambaye hata babu yangu mzaa baba hakumkumbuka sura.

Kwetu ni Taita, juu karibu na Wundanyi, ambako ukitoka mlangoni ama unapanda ama unateremka. Babu alizaliwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka wa 1917, akiwa angali mchanga, baba yake alichukuliwa na serikali ya kikoloni kuwa mpagazi, mtu wa kuwabebea wanajeshi wa Uingereza risasi, unga na mahema wakiwafuata Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hakurudi. Haikuja barua, na kaburi lake halijulikani. Babu alifariki mwaka wa 2005, na kila tulipomuuliza habari za baba yake alijibu kwa maneno yale yale matatu: "Alienda na mzigo."

Huenda hata kwenu kuna hadithi kama hii. Wapagazi walichukuliwa kutoka Nyanza, Ukambani, Mlima Kenya, Pwani, kila mahali. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikaligeuza jina hilo. Unapopita Kariokor hapa Nairobi ukienda kula nyama choma, au Kariakoo kule Dar es Salaam ukienda sokoni, unatembea juu ya jina lao.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokutana. Siku moja nikiwa ofisini natafuta habari za kuandika kuhusu riadha, nilisoma kwamba Comrades ilianzishwa na dereva wa garimoshi wa Afrika Kusini, Vic Clapham. Alikuwa mwanajeshi katika vita hivyo, na vita vyake havikuwa Ufaransa. Vilikuwa huku kwetu. Alitembea kilomita zipatazo 2,700 katika Afrika Mashariki akiwafukuza Wajerumani. Vita vilipokwisha alitaka kuwapa wenzake waliokufa kumbukumbu isiyo ya jiwe. Alitaka watu wateseke kidogo barabarani, kama wao walivyoteseka porini.

Chama cha wanajeshi wa zamani kilimkatalia mwaka wa 1919 na tena 1920. Kikakubali 1921 na kumkopesha pauni moja ya kugharamia shughuli hiyo. Mnamo Mei 24, 1921, watu 34 waliondoka Pietermaritzburg kuelekea Durban, na 16 pekee wakamaliza. Wa kwanza, Bill Rowan, alitumia saa nane na dakika 59.

Niliweka karatasi chini, nikatazama dirishani. Mtu aliyetembea na bunduki alikuwa amepata mbio zinazojulikana dunia nzima. Na yule aliyetembea njia hizo hizo akiwa na mzigo kichwani? Nikaamua kwamba walau kwa siku moja atakimbiwa na mtu wake.

Maandalizi ya Nairobi

Comrades haipokei kila mtu. Sharti kwanza umalize marathoni kamili kwa chini ya saa nne na dakika 50. Oktoba 2023 nilikimbia marathoni ya Nairobi kwenye Southern Bypass, nikamaliza kwa saa nne na dakika 39. Wenzangu kazini walininunulia chai. Hawakujua kwamba hiyo ilikuwa nauli tu, na safari yenyewe ilikuwa bado.

Kuanzia Januari nilikuwa nikiamka saa kumi alfajiri. Askari wa mtaa wetu alinisimamisha mara mbili akidhani ninatoroka na mali ya watu. Siku za wiki nilikimbia kilomita kumi kabla ya kazi. Jumamosi nilipanda Ngong au kuzunguka mashamba ya chai ya Tigoni, na Machi nikajilazimisha kwenda kilomita 50 kwa siku moja, nusu nikikimbia na nusu nikitembea. Aprili mafuriko yalipoikumba Nairobi nilipoteza wiki mbili nzima. Mama watoto alinitazama nikipaka magoti dawa akauliza, "Kwani ulilazimishwa na nani?" Nilimjibu kwamba ndiyo maana naenda, kwa sababu mimi sikulazimishwa na mtu.

Durban hadi mapambazuko

Kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni saa nne hivi angani, kisha ndege nyingine hadi uwanja wa King Shaka, kaskazini mwa Durban. Tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti haombi viza kwa ziara fupi Afrika Kusini, kwa hivyo usumbufu wa ubalozini haupo. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja.

Durban itakukumbusha Mombasa, isipokuwa Juni kwao ni majira ya baridi. Kuna bandari, mawimbi, na Wahindi wengi waliopeleka mapishi yao huko tangu karne ya kumi na tisa. Usiondoke bila kuonja bunny chow, nusu mkate uliotobolewa katikati na kujazwa mchuzi wa nyama au maharagwe. Lakini usiule usiku wa kuamkia mbio. Mimi nilikula wali mtupu nikilalamika moyoni.

Kitakachokushangaza zaidi ni lugha. Kizulu na Kiswahili ni ndugu. Maji ni amanzi, watu ni abantu, nyama ni inyama, na nyayo ni izinyawo. Mama ni mama na baba ni baba. Jihadhari na neno moja tu: gogo kwao ni nyanya. Niliposikia kijana akimwita ajuza "gogo" nilidhani amemtusi.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa tumebanana mbele ya City Hall ya Durban katika giza, zaidi ya watu 15,000. Waliimba Shosholoza, wimbo wa wafanyakazi wa migodini ambao huko ni kama wimbo wa taifa wa pili. Unasikia sauti nzito za wanaume zikianza nyuma yako na kuja mbele kama mvua. Halafu jogoo akawika. Ni sauti ya kaseti ya mkimbiaji mmoja wa zamani, Max Trimborn, aliyewika mwaka wa 1948 badala ya kusubiri kwa wasiwasi, na ikawa desturi. Baada ya jogoo, mlio wa bunduki. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

Tazama hapo, msomaji, jinsi saa za Kiswahili zilivyo na maana. Tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mlango ungefungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa mwenye kutumia saa zetu, siku nzima ilikuwa ni kurudi kwenye saa ile ile.

Basi lisilo na injini

Mbio hizi hubadilishwa mwelekeo, kwa kawaida mwaka mmoja kupanda na mwingine kuteremka. Mwaka wetu ulikuwa wa kupanda. Kuna milima mitano mikubwa yenye majina, na kila mkimbiaji huijua kama abiria ajuavyo vituo: Cowies Hill, Fields Hill, Botha's Hill, Inchanga na Polly Shortts. Katikati yake ipo mingine mingi isiyotajwa, nayo ndiyo inayokuchosha kimyakimya. Barabara inapanda hadi zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari karibu na Umlaas Road.

Cowies Hill niliipanda nikitabasamu. Ndilo kosa la kwanza la mgeni. Miguu ilikuwa mibichi, watu walikuwa wametoka na viti na majiko yao kando ya barabara wakichoma nyama tangu alfajiri, na kila mmoja aliiona bendera yangu. "Kenya! Kenya!" Mtu hawezi kutembea akiitwa hivyo. Nikakimbia mlima wote.

Fields Hill ikanitoza deni. Ni kama kilomita tatu za kupanda kutoka Pinetown, barabara pana inayopinda hivi kwamba huoni mwisho wake. Katikati misuli ya ndama ikaanza kukaza. Watu walinipita kwa mamia, wakiwemo akina mama wa miaka sitini. Mmoja akanipiga kofi la upole mgongoni: "Kenya, leo una nini?"

Hapo ndipo basi lilipofika. Usicheke. Huko kundi la wakimbiaji wanaokwenda kwa mwendo mmoja huitwa basi, na anayeliongoza huitwa dereva. Dereva wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Soweto, mzee mfupi mwenye nambari ya kijani mgongoni, rangi inayopewa aliyemaliza mbio hizi mara kumi na zaidi. Kazi yake aliyojipa ilikuwa kuwafikisha watu kabla ya saa kumi na mbili kutimia.

"Panda, Kenya," akaniambia. "Basi hili halina nauli, lakini pia halina kiti."

Dereva huyo alikuwa na sheria moja tu. Kwenye mlima alinyoosha mkono na kutaja nguzo ya umeme. Tunatembea hadi nguzo ile, tunakimbia hadi ile nyingine. Hakuna anayekimbia kupita nguzo, hakuna anayetembea kupita nguzo. Sisi kama hamsini tulimtii kama watoto wa darasa la kwanza. Nami nilijifunza jambo ambalo vitabu vya mazoezi havikunifunza: mlima hupandwa kwa vipande, na kipande kimoja ni kifupi kwa kila mtu.

Baada ya Botha's Hill utaona upande mmoja wa barabara Bonde la Milima Elfu, vilima juu ya vilima hadi macho yashindwe, na ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Nilikumbuka Taita kuelekea Taveta. Huko, kwenye kilima cha Salaita, wanajeshi wa Afrika Kusini walipigana na Wajerumani Februari 1916 wakarudishwa nyuma. Watu wa huku walikwenda kufia kwetu, na sasa mtu wa kwetu alikuwa akihema kwao.

Nilimsimulia dereva habari za baba yake babu. Alisikiliza bila kusema neno mpaka nguzo mbili zikapita. Kisha akasema kwamba hata yeye hakuruhusiwa mbio hizi tangu zamani. Watu weusi na wanawake walikuwa wakikimbia bila kutambuliwa. Frances Hayward alimaliza mwaka wa 1923 na Robert Mtshali mwaka wa 1935, lakini hawakuandikwa. Mlango ulifunguliwa rasmi mwaka wa 1975. Sam Tshabalala, mtu mweusi wa kwanza kushinda, alishinda 1989, wakati sheria za ubaguzi zilikuwa bado zipo.

"Kwa hivyo usihuzunike sana kwamba wenu wamesahauliwa," akasema. "Kuna waliokimbia kabisa na bado wakasahauliwa."

Katikati ya njia

Kabla tu ya kufika Drummond, ambako ni nusu ya safari, kuna shimo dogo katika ukingo wa barabara. Wanaliita Kiti cha Arthur. Inasemekana Arthur Newton, aliyeshinda mara tano katika miaka ya ishirini, alikuwa akipumzika hapo. Wakimbiaji huvua kofia, humwamkia na kumwachia ua ili nusu ya pili iwe na heri. Mimi sikuwa na ua. Niliamkia, nikachuma jani la nyasi, nikaliweka.

Tulipita Drummond saa tano na dakika kumi. Tulikuwa tumetumia saa tano na dakika 40, na mbele yetu kulikuwa na marathoni nyingine nzima. Hapo hapo, bila kukupa nafasi ya kufurahi, Inchanga huinuka. Jua lilikuwa limekolea. Kila baada ya kilomita chache palikuwa na meza za vijana wakipaza sauti, "Amanzi! Amanzi!" Maji hutolewa katika vipakiti vidogo vya plastiki, unauma kona, unakunywa nusu na kujimwagia nusu. Wapo pia wanaogawa viazi vilivyochemshwa na kupakwa chumvi. Msomaji, sijawahi kula chakula kitamu kama kiazi kile cha kilomita ya hamsini.

Ukivuka Inchanga unafika shule ya Ethembeni, ya watoto wenye ulemavu wa viungo na wa macho. Jina lake ni mahali pa tumaini. Unaona hiyo "-ni" ya mwisho, kama yetu ya nyumbani na shuleni. Watoto walikuwa wamepangwa kando ya barabara, wengine kwenye viti vya magurudumu, mikono wameinyoosha. Ungepita bila kuigusa? Basi letu lote lilipunguza mwendo. Msichana mmoja asiyeona aliushika mkono wangu, akauliza ninatoka wapi. Nilipomwambia alicheka sana, akasema, "Basi mbona umechelewa?"

Nguzo ya mwisho

Nitakueleza kuhusu Polly Shortts, kwa sababu hapo ndipo nilipotaka kuacha.

Ni mlima wa kilomita moja na robo tatu hivi, mfupi kuliko ile mingine. Tatizo ni mahali ulipowekwa. Unaufikia ukiwa umekimbia zaidi ya kilomita 75, jua limeanza kuinama, na miguu haikusikii. Malengelenge yalikuwa yamepasuka ndani ya viatu. Paja la kulia lilikaza likawa kama gogo, gogo la Kiswahili safari hii. Niliketi kwenye ukingo wa barabara. Karibu yangu kulikuwa na basi lingine, hili la kweli, lenye injini na viti, linalowazoa walioshindwa. Mlango wake ulikuwa wazi. Ndani niliwaona watu wamefunikwa mablanketi wakitazama sakafu.

Nilifanya hesabu. Ilikuwa imebaki kama saa moja na nusu. Hakuna Mkenya angeniona. Ningeandika makala nzuri tu kuhusu mandhari.

Dereva aliliacha kundi, akarudi hatua kumi. Hakuniinua wala hakunihubiria.

"Yule baba wa babu yako," akauliza, "alipochoka aliketi wapi?"

Sikujibu, kwa maana hakuna ajuaye. Hilo ndilo jambo lenyewe. Pengine aliketi hivi hivi kando ya njia, na msafara ukapita. Yeye hakuwa na basi la kumzoa wala mtu wa kurudi hatua kumi.

Nilisimama. Tulitembea hadi nguzo, tukavuta miguu hadi nguzo nyingine. Tulifika juu saa kumi na robo jioni, na kilomita kama saba zilikuwa zimebaki.

Bunduki ya jioni

Mbio za mwaka huo zilimalizikia kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Scottsville. Ukiingia unasikia kelele kabla ya kuona kitu. Jua lilikuwa limezama, taa zimewashwa, na maelfu ya watu walikuwa wakipiga ukuta wa mabango kwa mikono. Mshindi wa wanaume, Piet Wiersma wa Uholanzi, na wa wanawake, Gerda Steyn wa Afrika Kusini, walikuwa wamekwisha kuoga na kula zamani. Kelele hizi zilikuwa za sisi wa mkia.

Nilivuka mstari saa kumi na moja na dakika 22. Saa kumi na moja na dakika 52 barabarani. Nilikuwa nimebakiwa na dakika nane.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye nyasi kuona mwisho, na nakushauri nawe ufanye hivyo. Dakika ya mwisho msimamizi husimama kwenye mstari akiwa amewapa wakimbiaji mgongo, bunduki mkononi. Hutazama saa tu, asije akamwonea huruma aliye karibu. Watu walihesabu kwa sauti kubwa. Mabinti wawili walikuwa wakimburura mwenzao katikati yao. Walivuka, na bunduki ikalia. Hatua nne nyuma yao mwanamume mmoja mwenye mvi alisimama ghafla, kama aliyegonga kioo. Alikuwa amekimbia kilomita zile zile. Uwanja ulimpigia makofi kwa muda mrefu kuliko mshindi yeyote, lakini hakupewa kitu.

Mimi nilifungua kiganja changu. Nishani za Comrades ni ndogo, hazizidi sana sarafu, nazo hutofautiana kwa muda uliotumia. Kumi bora hupata dhahabu, wa chini ya saa saba na nusu fedha, na kuendelea hivyo. Waliomaliza kati ya saa kumi na moja na kumi na mbili, yaani wavuta mkia, hupata ya shaba nyekundu. Unajua inaitwaje? Nishani ya Vic Clapham. Kama ningekimbia haraka zaidi ningeikosa.

Ukitaka kwenda

Usikimbilie uwanja wa ndege siku inayofuata. Pietermaritzburg ni mji wa kutazamwa polepole, na kwa miguu niliyokuwa nayo sikuwa na njia nyingine. Nenda Comrades House ukaone picha za kale za mbio hizo. Nenda pia stesheni ya reli, ambako usiku wa Juni 7, 1893 kijana wakili aitwaye Mohandas Gandhi alitupwa nje ya behewa la daraja la kwanza kwa sababu ya rangi yake. Naye alikuwa ametoka Durban, njia ile ile. Sanamu yake mjini humo ilizinduliwa mwaka wa 1993.

Kwa mwanafunzi anayetamani kujaribu: lazima uwe umetimiza miaka 20, na usianze na Comrades. Anza na kilomita kumi, kisha 21, kisha marathoni. Jizoeze kuteremka pia, kwa maana mteremko huvunja mapaja kuliko mpando. Jifunze kutembea bila aibu. Na ukipata basi, panda.

Jumapili niliyorudi Nairobi nilimpeleka binti yangu wa miaka minane Kenyatta Avenue, kwenye zile sanamu tatu nyeusi ambazo watu hupita kila siku wakiwahi matatu. Zimesimama hapo tangu miaka ya ishirini kuwakumbuka Waafrika waliohudumu katika vita vile, na maandishi yake yapo kwa Kiswahili pia. Mmoja wa watu hao watatu ni mpagazi. Nilimwonyesha binti yangu. Akaizunguka sanamu, akaishika nishani yangu mkononi akiipima uzito.

"Baba, mbona ni nyepesi hivi?" akauliza.

Nikamwambia, ni nyepesi kwa sababu mwenzetu mwingine alikwishaubeba mzigo. Kisha tukavuka barabara polepole, mimi nikichechemea, naye akinitangulia na kunisubiri kwenye kila nguzo.